Moli na seli kwenye mmumunyo: hesabu chembe, siyo gramu

Mkuu, umesema hesabu za moli (kipimo cha idadi ya chembe) unazipata, ila swali likitumbukiza seli kwenye mmumunyo unakwama. Nimekuwa nikiwaelekeza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wengi hukwamia hapo hapo: wanalinganisha asilimia, wakati osmosisi (maji kupita kwenye utando wa seli) haiangalii asilimia. Maji hufuata upande wenye chembe nyingi zilizoyeyuka.

Chukua dripu mbili za hospitali, chumvi 0.9% na glukosi 5%. Ukitazama namba tu, utasema ya pili itainyausha seli. Sasa piga hesabu. Chumvi ni gramu 9 kwa lita. Gawanya kwa 58.5 (gramu za moli moja ya chumvi, yaani NaCl), unapata moli 0.154. NaCl ikiyeyuka huachana kuwa ioni mbili, kwa hiyo zidisha kwa 2: 0.308. Glukosi ni gramu 50 kwa lita. Gawanya kwa 180 (gramu za moli moja ya glukosi), unapata 0.278, na yenyewe haiachani. Damu iko karibu na 0.29. Zote ni majirani, ndiyo maana seli nyekundu ikiwekwa humo hainywei wala haivimbi. (Mwili ukishaitumia hiyo glukosi yanabaki maji, lakini hilo ni swali la siku nyingine.)

Hiyo hatua ya kuzidisha kwa ioni ndiyo inayoangusha watu. CaCl₂ unazidisha kwa 3, sukari yoyote kwa 1.

Halafu kuna yurea, mtego wanaoupenda watunga mitihani. Mmumunyo wa moli 0.3 kwa lita, kwa hesabu, unalingana na damu. Weka seli nyekundu humo: zinapasuka! Yurea inapenya utando, inaingia ndani, na maji yanaifuata. Kwa hiyo kabla ya kujibu "seli itabaki vilevile", uliza kwanza kama hicho kilichoyeyuka kinavuka utando.

Kwenye mazoezi usitenganishe mada hizi mbili. Mfano: una mmumunyo wa NaCl wa moli 2 kwa lita, unataka mililita 500 za 0.154. Unazidisha 0.154 kwa 500, unagawanya kwa 2, unapata mililita 38.5. Unajaza maji *mpaka* alama ya 500; huongezi maji 500 juu yake. Sasa sema: aliyepima mililita 77 badala ya 38.5, akajaza maji mpaka alama ileile, seli zake zitakuwaje? Weka jibu hapa pamoja na hesabu yake, nitaipitia.