Mume anakoroma, ananyamaza ghafla, na siku hizi anasahau sana

SWALI: Shikamoo dokta. Mume wangu ana miaka 46, dereva wa lori Dar kwenda Tunduma. Anakoroma mpaka watoto chumba cha pili wanaamka, hilo nimeshazoea, kinachonitisha ni pale anapokata kimya kabisa, juzi nilihesabu mpaka 22 ndo akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini. Mchana anasinzia tonge likiwa mkononi, anauliza kitu kile kile mara tatu, na hasira hazieleweki. Mama mkwe anasema karogwa.
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Hapo ulipohesabu umenirahisishia sana kazi. Hiyo inafanana mno na slipu apnia, yaani akilala misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba, oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unamshtua apumue. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi tunahesabu moja. Zikifika 5 kwa saa kwa mtu anayesinzia mchana hivyo, ni ugonjwa, zikivuka 30 ni kali. Sasa piga hesabu, 30 kwa saa, kalala saa 7, hizo ni mara 210 kashtuliwa, na asubuhi anakuapia kalala fofofo!

Ndo maana anasahau. Mambo ya mchana ubongo unayapanga usiku, kwenye usingizi mzito na ule wa ndoto, yeye kila akikaribia huko anarudishwa mlangoni. Kumbukumbu, umakini, kuamua haraka, vyote vinayumba, na hasira inatokea humo humo. Wapo wanaoanzishiwa dawa za sonona kumbe shida iko kooni. Muulize pia kama anaamka kichwa kinauma na mdomo mkavu, au anaenda kukojoa mara nyingi usiku, na apime presha, maana presha na slipu apnia hupenda kutembea pamoja.

Atakubishia, wote wanabisha, kwa hiyo mrekodi kwa simu. Muende nayo kwa daktari wa masikio, pua na koo, aulizie kipimo cha usingizi. Wakati mnasubiri alale ubavu, pombe ya jioni aache, na kama ana kitambi kila kilo inayopungua inasaidia. Ikithibitika ipo mashine inaitwa sipapu, inasukuma hewa kupitia barakoa koo lisijifunge, aliibuni daktari Colin Sullivan kule Australia, ikatangazwa 1981. Ina kamlio kidogo, ila kwa wewe uliyezoea huyo baba hutaisikia. Wengi kusinzia kunapungua sana, kumbukumbu hurudi taratibu zaidi.

Ila mama, kuendesha lori aache sasa hivi, mchana na usiku, asisubiri majibu, aongee na tajiri wake apangiwe kazi nyingine. Pale mlima Kitonga na mzigo nyuma, sekunde 2 za kusinzia ni nyingi sana.

Na mama mkwe mwekee hiyo rekodi naye ahesabu.