Maswali yenu kuhusu mgawanyo wa Poisson

Nitajuaje kwamba data yangu inafaa?

Angalia unachohesabu. Yawe matukio yanayotokea moja moja ndani ya muda au eneo maalumu, kwa kiwango cha wastani kisichobadilika, na tukio moja lisivute wala kuzuia jingine. Hapo mgawanyo wa Poisson hutumia wastani peke yake kukupa uwezekano wa kupata matukio sifuri, moja, mawili na kuendelea. Mwanahisabati Siméon Denis Poisson aliuandika mgawanyo huu mwaka 1837 nchini Ufaransa.

Ajali zikirundikana sehemu moja, si lazima kuna sababu?

Si lazima, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Mwaka 1944 mabomu ya V-1 ya Ujerumani yalipokuwa yakiipiga London, kuna walioamini kwamba mitaa fulani inalengwa. Mtaalamu wa hesabu za bima, R. D. Clarke, akaligawa eneo la kusini mwa jiji katika visanduku 576, kila kimoja robo ya kilomita ya mraba. Mabomu yalikuwa 537, wastani wa 0.93 kwa kisanduku. Kwa wastani huo, Poisson inatabiri visanduku 227 hivi visivyoguswa, vilikuwa 229. Vya kupigwa mara nne inatabiri 7. Vikawa 7 kamili! Mirundikano ilikuwepo kweli, ila hivyo ndivyo bahati nasibu inavyotawanya vitu. Kwa hiyo kabla ya kumtafuta mchawi wa kona fulani ya barabara, fanya kwanza hesabu hii.

Nahesabu wagonjwa wa kipindupindu wanaopokelewa kila siku. Nitumie Poisson?

Mlipuko ukishaanza, hapana. Mgonjwa mmoja huambukiza wengine, au wengi hunywa maji ya kisima kimoja, kwa hiyo matukio yanavutana. Kipimo chepesi: tafuta tofauti ya kila siku na wastani, izidishe kwa yenyewe, kisha tafuta wastani wa majibu hayo. Katika Poisson kiasi hicho hulingana na wastani wenyewe. Kikiuzidi mno, jaribu mgawanyo wa bainomia hasi, unaoruhusu hesabu kutawanyika zaidi.

Nina wastani wa simu 14 kwa wiki. Nitapataje wa siku?

Gawanya kwa 7: simu 2 kwa siku. Uwezekano wa siku kupita bila simu ni takriban 0.135. Lakini kama Jumapili mnafunga ofisi, iondoe, ugawanye kwa 6.