Mtoto mchanga, korodani hazipapasiki: usimwandike mvulana bado

Swali: Daktari, shikamoo. Tumezalisha mtoto wa kilo 3. Ana kama uume mdogo, tundu la mkojo liko chini yake, na pumbu hazina kitu ndani. Ndugu wanauliza ni wa kike au wa kiume. Nimwandike mvulana ambaye korodani hazijashuka, arudi baada ya wiki 6? (Mkunga, kituo cha afya)

Jibu: Marahaba, sista. Hapana, na wiki 6 ni mbali mno. Korodani zisipopapasika pande zote mbili, hata uume uonekane kamili, mhesabu mtoto kuwa ana hitilafu ya kurithi ya tezi za adrenali (zilizo juu ya figo) mpaka vipimo vikatae. Mara nyingi ni XX (kromosomu za kike), mwenye ovari na mfuko wa uzazi. Katika zaidi ya asilimia 90 ya hitilafu hizi, kinachopungua ni kimeng'enya cha 21-hidroksilesi: tezi hushindwa kutengeneza homoni za kortizoli na aldosteroni (inayotunza chumvi mwilini), na malighafi yake huishia kuwa androjeni, homoni za kiume, iliyokuza kisimi na kuunganisha midomo ya uke tangu mimba.

Kinachoua ni upotevu wa chumvi. Bila aldosteroni, sodiamu hutoka na mkojo na potasiamu hupanda. Kati ya wiki ya 1 na ya 3 mtoto hutapika, hukataa kunyonya, hupungua uzito, kisha huingia shoki (mzunguko wa damu hushindwa). Wengi hutibiwa kama maambukizi tu. (Wavulana wenye ugonjwa huu ndio hupitwa zaidi, kwa kuwa maumbile yao huonekana ya kawaida.)

Mpe rufaa leo. Huko apimwe sodiamu, potasiamu, sukari, kromosomu, na altrasaundi ya nyonga. Damu ya kupima 17-hidroksiprojesteroni (malighafi inayorundikana kimeng'enya hicho kikipungua) ichukuliwe baada ya saa 48. Kabla ya hapo huwa juu hata kwa mtoto mzima wa afya.

Akilegea kabla hajaondoka, usisubiri majibu. Chukua damu kama inawezekana, kisha mpe haidrokotisoni (dawa ya kufidia kortizoli) 25 mg kwenye mshipa au msuli: chupa ya 100 mg ikichanganywa na ml 2, hiyo ni ml 0.5. Ongeza dripu ya saline (maji ya chumvi) ya 0.9% ml 60. Sukari ikiwa chini, dextrose 10% ml 6. Epuka dripu ya Ringer, ina potasiamu.

Akithibitika, haidrokotisoni ya kila siku ni 10–15 mg kwa kila mita mraba ya eneo la mwili. Kwa kilo 3 ni kama 1 mg mara tatu kwa siku, pamoja na fludrokotisoni (ya kufidia aldosteroni) na chumvi. Kidonge kilichosagwa hakiyeyuki vizuri, hutuama. Mama atikise na kutengeneza upya kila dozi. Prednisoloni isitumike badala yake, hudumaza. Akipata homa, kila dozi ya haidrokotisoni iwe mara tatu ya kawaida. Akitapika dawa, apewe haidrokotisoni ya sindano.

Ndugu waambie: "Mtoto wenu viungo vyake havijamaliza kujitenga, vipimo vitatuonyesha." Jina na usajili visubiri, na upasuaji usiharakishwe. Nchini Kenya, Sheria ya Watoto ya 2022 imeuwekea upasuaji huo mipaka.