Niliambiwa nina roho ya Miriamu

Mleta mada, umeuliza kama kumhoji mchungaji ni kumgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Mimi niliwahi kuhubiriwa kwa kosa hilo hilo.

Nilikuwa mweka hazina wa kanisa dogo huku Mbeya. Baada ya ibada tulibaki watatu, tunahesabu sadaka juu ya benchi, sarafu za mia tano tunazipanga minara, kisha wote tunasaini daftari. Siku moja mchungaji akaagiza kapu la ujenzi liwe linapelekwa kwake bila kuhesabiwa. Nikamfuata faragha: "Baba, kwenye daftari tuandike nini?" Jumapili iliyofuata somo likawa Hesabu 12, Miriamu aliyepigwa ukoma kwa kumnena vibaya Musa. Hakunitaja jina, ila kanisa lenyewe watu themanini, nani asingejua? Mke wangu alinishika mkono mpaka mahubiri yakaisha. Usiku nilikagua ngozi yangu kwa tochi. Chekeni tu.

Hofu ilipopoa nikaifungua Zaburi 105 yenyewe. "Msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu, pale ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wanaotangatanga katika nchi za watu, na wanaokemewa ni wafalme. Andiko la kuwakinga wanyonge tumemkabidhi mwenye kipaza sauti! Na Daudi mnayemtaja kila siku, ni kweli hakumuua mfalme Sauli aliyekuwa akimwinda, lakini alitoka pangoni akamwambia makosa yake kwa sauti, na huyo mfalme alikuwa na watu elfu tatu.

Sipingi kwamba Mungu huwapa viongozi mamlaka. Waebrania 13:17 inasema watiini, na mimi natii. Ila mstari haujaishia hapo, unaendelea: "kama watu watakaotoa hesabu". Paulo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alituma ndugu wengine pamoja na Tito ili asilaumiwe kuhusu ile fedha (2 Wakorintho 8). Mtume mzima! Wangu alishindwa kuvumilia watu watatu kwenye benchi.

Wanaosema "tii kwanza, Mungu atamhukumu mwenyewe", Shakahola mmeisahau? Mwaka 2023, kule Kilifi, Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, wengi wakiwa watu waliofunga mpaka kufa kwa sababu mhubiri wao aliwaambia wafunge.

Nilihama. Mchungaji wa sasa namwita Baba vilevile, na nikiumwa namfuata aniombee. Daftari la sadaka husainiwa na watu watatu, yeye hayumo.