Simu uliyouza bado inaonekana Play Store? Soma hapa kabla hujabadilisha paswedi

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Simu uliyouza bado inaonekana ukifungua Play Store kwenye kompyuta na huoni pa kuifutia. Mnunuzi wako aliye Tunduma ameifomati na sasa inadai imeili ya mwenye simu wa zamani. Na una wasiwasi kuwa programu ulizolipia zitapotea au atazifaidi yeye. Waliotangulia kukujibu wamekwambia ubadilishe paswedi yataisha yote. Hayataisha, na hilo la Tunduma linaweza kuchelewa zaidi.

Mimi natengeneza simu, na kesi kama yako haipiti muda haijafika mezani kwangu, kila mara na sura yake. Kinachowachanganya watu ni kudhani kwamba huko Google kuna daftari moja la simu zako, ukifuta jina humo umemalizana nayo. Ziko sehemu tatu, na kila moja inafanya kazi yake bila kuiuliza mwenzake.

Hiyo unayoiona Play Store ndiyo isiyo na madhara kabisa. Ni kumbukumbu ya simu zilizowahi kushusha programu kwa akaunti yako, ili ukiwa kwenye kompyuta ukabonyeza kusakinisha, Google ajue programu aipeleke simu gani. Utakuta kila simu na jina lake na tarehe ilipotumika mara ya mwisho. Mara nyingi jina lenyewe ni la kiwandani, si lile la kwenye boksi: Samsung A05 inaweza kujiandika SM-A055F, na Infinix nazo zina zile X na namba zake. Halafu simu ikifomatiwa na kuingizwa akaunti upya, inaweza kujiandika tena kama ngeni. Ndiyo maana wewe unaona mbili za aina moja ukaanza kuhisi kuna mtu kakuingilia. Linganisha tarehe kwanza, huenda ni ile ile yako ya kabla na baada ya kufomati.

Kitufe cha kufuta hapo hakipo, usijisumbue kukitafuta. Kinachowezekana ni kuondoa alama ya tiki ili simu isitokee kwenye menyu, na kubadilisha jina. Hilo la jina watu wanalidharau ila lina raha yake. Mimi nimeandika "simu ya mama" na "tableti ya mezani", basi mama akiwa kijijini akataka programu fulani, namtumia kutoka huku nilipo, yeye akiwasha data anaikuta imeshaingia. Ila ukiificha simu pale, ujue umeificha wewe tu usiione. Kama ilikuwa imeingia kwenye akaunti yako, bado imo.

Sehemu ya pili ndiyo yenye moto. Nenda kwenye Akaunti yako ya Google yenyewe, sehemu ya usalama, utafute palipoandikwa vifaa vyako. Pale panakuonyesha simu na kompyuta zilizomo ndani ya akaunti sasa hivi, pamoja na zilizotoka wiki chache zilizopita. Ukigusa kifaa utaona kilitumika lini na maeneo gani, na hapo ndipo kipo cha kukitoa. Simu uliyouza ikiwa pale bado haijatoka, itoe leo leo, hata kabla hujamaliza kusoma huu uzi.

Nasisitiza kwa sababu mwaka jana alikuja dada mmoja anauza mitumba, simu yake haina nafasi, anataka nifute vitu. Kufungua majina ya simu nakuta "Fundi Bomba", "Baba Neema Mpya", "Bosi Usipokee". Namuuliza, huyu bosi asiyepokelewa ni nani? Hamjui. Kwenye picha nako kuna kipaimara, watoto wamevaa nguo nyeupe, sura hajawahi kuziona maishani. Kumbe simu yake ya zamani alimpa mtu bila kuitoa kwenye Gmail, na huyo mtu kila jina analohifadhi linakwenda kwenye akaunti ya dada, kila picha anayopiga inamjazia nafasi huku. Sasa igeuze: majina na picha za dada nazo huyo mtu alikuwa anaziona zote, pamoja na imeili.

Na kuna baya kuliko picha. Ukiingia Gmail kwenye kifaa kipya, Google mara nyingine anatuma ujumbe kwenye simu zilizomo tayari, unaouliza kama ni wewe, bonyeza Ndiyo. Ujumbe huo unafika hata kwenye simu uliyouza kama bado imo. Mtu baki anakuwa ameshika kitasa cha mlango wako, na hahitaji hata kujua paswedi.

Sehemu ya tatu haipo mtandaoni unapoweza kuifikia kwa vidole. Imo ndani ya simu yenyewe, na ndiyo inayomtesa mnunuzi wako. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu yenye Gmail na loki ya kioo ikifomatiwa kwa vitufe vya pembeni, ikiwaka inadai uthibitishe kuwa wewe ndiye mwenyewe. Iliwekwa kuwakomesha wezi, kwamba simu ya wizi isiuzike. Kwa hiyo hata ukiitoa simu kwenye ile orodha ya pili, hata ukifuta kila kitu kwa mbali, hicho kidirisha kitaendelea kudai imeili. Kinasoma kilichobaki ndani ya simu.

Sasa tumalizane na Tunduma. Usimtumie paswedi yako ya Gmail kwa meseji. Mwambie atazame vizuri hicho kidirisha, kwenye simu nyingi za miaka ya karibuni kuna maneno madogo ya kutumia mchoro au PIN ya zamani badala ya akaunti. Mpe ule mchoro uliokuwa unafungulia simu ulipokuwa nayo. Akiuchora inamruhusu kuendelea, anaweka Gmail yake, na yako hajaigusa. Tahadhari moja: kama PIN ya kioo ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ya M-Pesa au Mixx, badilisha ya pesa kwanza ndipo umpe. Msicheke, nusu ya wateja wangu wana PIN moja kwa kila kitu.

Kama simu haitoi nafasi ya mchoro, bora aitume kwa basi uandike mwenyewe. Hilo likishindikana kabisa, weka paswedi ya muda, ngojeni saa 24 maana paswedi mpya haikubaliki papo hapo kwenye kidirisha hicho, kisha mpigie mkiwa pamoja hewani. Akishaingia, aondoe akaunti yako hapo hapo huku unamsikia, nawe ubadilishe paswedi tena kabla hamjakata simu. Mimi hii njia siipendi, kwa dakika hizo chache kila kilicho Gmail kwako kiko mikononi mwake. Umeona sasa kwa nini nimesema waliokushauri kubadilisha paswedi kwanza wangekuchelewesha.

Wapo watakaokwambia ampelekee fundi "atoe Gmail". Kwa simu za zamani mafundi wanazo njia zao, sibishi. Kuanzia Android 15 Google wamekaza sana, nyingi ya zile njia za mkato zimezibwa. Na fundi mwenye akili atauliza simu ni ya nani kabla hajaigusa.

Siku nyingine ukiuza: ingia Mipangilio, kwenye akaunti, gusa Gmail yako na uiondoe, ndipo ufomati kutoka humo humo kwenye Mipangilio. Iwashe mbele ya mnunuzi mpaka imkaribishe kama simu mpya. Ikidai imeili ya mtu, hujamaliza. Na wewe mnunuzi wa simu za mkononi mwa mtu, usitoe hela kabla hujaiona inavuka hapo. Mtu anakuonyesha simu inawaka, WhatsApp ipo, kamera safi, unalipa. Unafika nyumbani unafomati, muuzaji hapatikani.

Hata simu mpya ya dukani ina mtego wake. Kuna huu utamaduni wa kijana wa duka kukufungulia Play Store kwa Gmail yake ili "asikucheleweshe". Nililetewa simu ya mzee mmoja, mpya kabisa, mjukuu kaifomati, inadai imeili isiyojulikana. Wakarudi dukani, yule kijana alishaacha kazi. Mzee ana risiti na boksi, ila mwenye simu kwa macho ya Google ni kijana asiyejulikana alipo. Gmail ni bure, waambie wakufungulie ya kwako pale pale, kwa namba yako ya simu, na paswedi uandike kwenye karatasi uweke nyumbani.

Kwa waliouliza kuhusu iPhone, kanuni ni ile ile ila Apple ana unafuu mmoja. Loki yake, iliyoanza na mfumo wa iOS 7 mwaka 2013, unaweza kuiondoa ukiwa mbali: unaingia iCloud kwenye kivinjari, sehemu ya kutafuta vifaa, unaiondoa simu kwenye akaunti, na aliyeishika anaendelea. Kwa sababu hiyo hiyo, iPhone ikiibiwa usiiondoe hata wakikutumia meseji tamu namna gani kwamba imepatikana na bonyeza hapa. Wanachotafuta ni hicho tu. Apple pia anaweka kikomo kwenye manunuzi: vifaa 10 kwa akaunti moja, na kompyuta zisizidi 5 kati ya hivyo. Kifaa ukikiunganisha leo na akaunti hii, huenda ukangoja siku 90 kukihamishia manunuzi ya akaunti nyingine. Wenye mchezo wa kuazimana akaunti kushusha programu, hapo ndipo mnapokwama.

Android ikiibiwa, usiitoe kwenye orodha haraka haraka. Anza kwa kufunga laini kupitia huduma kwa wateja, maana pesa iko kwenye laini. Kisha ingia kwenye huduma ya Google ya kutafuta simu, uifunge kwa mbali, na hapo hapo nakili IMEI yake, ile namba ya utambulisho wa simu, maana boksi najua ulishatupa. Polisi wataihitaji kwenye RB, ile namba ya taarifa yako kituoni.

Limebaki lile la programu ulizolipia. Hazipotei. Manunuzi ya Play yameshikwa na akaunti, simu ni pa kuzisomea tu. Ukiweka Gmail ile ile kwenye simu mpya, unazishusha bila kulipa tena, ilimradi simu hiyo inazikubali. Na mnunuzi akishaweka Gmail yake, akizitaka alipe mwenyewe. Ila akiba za ndani ya michezo usizihesabu, nyingine huhifadhiwa kwenye simu yenyewe na zilishakwenda na ile fomati.