Jibu: Je, kila pambano la gladieta liliisha kwa kifo?

Mkuu, umeuliza kama kila pambano la gladieta, yaani mpiganaji wa maonyesho wa Roma ya kale, lilikuwa lazima mmoja afe. Hapana. Gladieta alikuwa mali ya gharama: alilishwa, alitibiwa, alifundishwa, na aliyemkodi kwa maonyesho alilipa pesa nyingi zaidi akifa. Kwa hiyo aliyezidiwa aliweza kuinua kidole kuomba aachiwe. Mwandaaji ndiye aliyeamua, huku akisikiliza umati unapiga kelele gani.

Ushahidi mzuri uko Pompeii, Italia. Kwenye kuta za mji ule watu walichora gladieta na kuandika kando mapambano na ushindi wao, na baadhi wameandikwa kwamba walishindwa lakini wakaachwa hai. Matangazo ya ukutani yaliahidi hata maturubai ya kukinga jua. Na ushabiki ulikuwa mkali kweli: mwaka 59 BK wenyeji walipigana na wageni kutoka Nuceria humohumo uwanjani, watu wakafa, na Seneti ya Roma ikapiga marufuku maonyesho hayo mjini kwa miaka 10.

Wasio na nafasi ya kupona walikuwa waliohukumiwa kifo, ambao mara nyingi waliuawa mchana, baada ya uwindaji wa wanyama wa asubuhi. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Simba na chui wengi walikamatwa Afrika Kaskazini. Ukifika Tunisia, pita mji wa El Jem. Uwanja wake wa maonyesho wa enzi za Warumi bado umesimama.