Nimeishi na pikipiki ya cc 1000 na nimeishi na ndogo ya Yamaha R3 hapa hapa Mwanza, acha niwaambie ukweli

Wiki iliyopita kuna dogo wa Igoma alinisimamisha pale sheli akaniuliza, kaka nina hela yangu nimeichanga miaka minne, nichukue lile pikipiki kubwa la cc 1000 la mtumba au nichukue hizi za 300 kama yako nibaki na chenji? Nilimjibu palepale ila naona nilimjibu haraka haraka, na hili swali naulizwa sana, kwahiyo nimeamua kuandika yote ninayoyajua maana hela ya miaka minne sio ya kubahatisha.

Mi nimekaa na zote mbili. La kwanza lilikuwa la Kijapani, silinda nne, cc 1000, nilikaa nalo mwaka na miezi saba. Ya pili ndo hii Yamaha R3, mtumba vilevile, huu mwaka wa tatu. Jibu langu kwa mtu anayeishi huku kwetu ni chukua ndogo, na hela ni sababu mojawapo tu, tena kwangu wala sio ya kwanza.

Ya kwanza ni barabara. Chukua Yamaha R1 kama mfano maana ndo kila mtu anaitaka: cc 998, nguvu za farasi karibu 200, uzito kilo 200 hivi ikiwa na mafuta. R3 ina cc 321, silinda mbili, farasi 42 hivi, kilo kama 170. Ukizisoma hizo namba umekaa nyumbani unasema hii ndogo ni ya mtoto. Sasa zilete hizo farasi 200 Nyerere Road saa 11 jioni. Pikipiki za daraja hilo gia ya kwanza peke yake inavuka 140 kwa saa, na sheria kwenye makazi ya watu ni 50. Yani unatoka mjini unapita Mabatini, Buzuruga, mpaka unafika Igoma hujaimaliza hata nusu ya gia ya kwanza, na zile gia tano zilizobaki umezilipia na ushuru wake juu.

Alafu joto. Hili mtu hakuambii wakati anakuuzia. Injini kubwa ya silinda nne imebanwa ndani ya kava, inapozwa vizuri ikiwa inakimbia na upepo unaingia kwenye rejeta, ikisimama kwenye foleni hamna upepo ni feni tu. Nakumbuka siku moja pale Mabatini mchana wa jua kali, daladala mbele, daladala pembeni, gari la mkaa nyuma, namba ya joto kwenye dashibodi inapanda 98, 101, 104, feni ikawaka, na lile joto lote feni inalitupa kwenye mapaja yako. Nilikuwa nimevaa jinzi nzito na bado nilikuwa nanyanyua goti kulitoa kwenye kava. Klachi nzito, mkono wa kushoto unakufa ganzi, viganja vinauma kwasababu usukani uko chini umelala mbele kama mtu wa mashindano. Bodaboda wanapita pembeni yangu wamebeba magunia. Nilikaa pale nikajiuliza kwa mara ya kwanza hii kitu nimeinunua niifanyie nini.

Na matuta. R1 chini imeachia milimita 130, R3 imeachia 160. Hizo sentimita tatu ukiwa unasoma ni kitu kidogo ila ukiwa Mwanza ni kila kitu, kuna matuta ya mitaani yamejengwa na wananchi wenyewe kwa hasira na ile kubwa nilikuwa nayapita kwa kukata mshazari huku nasikiliza kama tumbo limegusa. Rasta, vile vituta vidogo vilivyofuatana, ndo usiseme, zile shoki zimekazwa kwa ajili ya lami laini ya kwenye mashindano, kila mstari unaufikisha kwenye uti wa mgongo.

Siku iliyoniuma zaidi wala sikuwa nimekimbia. Niliingia sheli yenye mteremko kidogo na kokoto, kiti chake kiko juu (R1 ni milimita 855, yangu ilikuwa karibu na hapo, R3 ni 780), nikashusha mguu, kokoto ikateleza, na kilo 200 zikianza kulala hauzirudishi. Imeanguka taratibu kabisa. Kava la kulia limepasuka, mkono wa breki umekatika. Fundi wangu wa Pasiansi, mzee wa makamo Msukuma, mtu wa salamu ya mwangaluka kwanza ndo kazi baadae, akaikagua kimya kimya akaniambia, "Mwanangu, hapa mi nakufungulia na kukufungia tu, spea hii haipo Mwanza na sidhani kama Dar ipo." Wiki saba nilisubiri. Wiki saba pikipiki imekaa chini ya turubai natembea kwa daladala.

Tairi nayo. Tairi la nyuma la haya makubwa lina upana wa milimita 190, mpira laini, linashika lami vizuri mno na linaisha upesi mno. Langu lilifika kilometa 6,000 na kitu nikaona nyuzi. Bei ya lile tairi moja ningevisha bodaboda tatu mbele na nyuma. R3 nyuma ni 140, linapatikana kirahisi zaidi, linadumu zaidi, na likiisha hauombi mkopo. Hata ukiangalia huko zinakouzwa mpya, Marekani R1 moja inakupa R3 tatu na hela inabaki, na gharama za kuitunza nazo zinafuata hesabu hiyohiyo.

Lakini nisiongelee matatizo tu, maana sikuhama kwa kukimbia shida, nilibaki na ndogo kwasababu naipenda. Hii R3 naikamua. Naijua sauti yake injini ikifika mizunguko elfu nane kwa dakika, naijua ikifika elfu kumi, nabadilisha gia nne tano kutoka Kisesa kwenda Magu na kila gia naimaliza kihalali bila kuhatarisha mama anayevuka na ndoo. Ile kubwa nilikuwa naiogopa, naishika kwa vidole, nusu ya akili yangu iko kwenye mkono wa mafuta nisije nikaufungua zaidi. Kona nimejifunza kwenye hii ndogo. Kuvunja kiuno kuelekea ndani ya kona, kuangalia unapokwenda, kuachia breki taratibu ukiingia kona, vyote hivyo nilikuwa sivijui na nilikuwa na pikipiki ya farasi 200. Inauma kusema ila ndo ukweli.

Mafuta tanki lita 14, kwa mwendo wangu inanipa kilometa 25 hivi kwa lita, natoka Mwanza nafika Musoma sijagusa sheli. Pale Lamadi nasimama nakula samaki, napita geti la Ndabaka naangalia nyani wamekaa pembeni ya lami, nafika sijachoka mikono.

Kubwa inashinda wapi? Inashinda barabara ndefu iliyonyooka. Ukitoka Usagara kwenda Shinyanga umekutana na malori matatu yamefuatana, ile kubwa unafungua kidogo tu umeshayapita yote, R3 inabidi uipange, ushushe gia mbili, uangalie mbali, na mara nyingine usubiri. Ukibeba mtu nyuma ndo kabisa, mke wangu akipanda naisikia inavuta pumzi. Na upepo: mara ya kwanza kupita daraja la Kigongo-Busisi baada ya kufunguliwa 2025, kilometa 3 juu ya ziwa, upepo wa ubavuni ulikuwa unaisogeza kama boti, nikashuka mpaka 60 nikalalia tanki. Kubwa ingetulia zaidi pale. Kwahiyo kama wewe kila wiki uko safari ya Dodoma au Dar, au lazima ubebe mtu, 300 itakuchosha, ila hata hapo mi nisingeruka mpaka 1000, ningeangalia za katikati kama R7, cc 689 silinda mbili, farasi 73, au hizi za 650. Nguvu yake inapatikana mizunguko ikiwa chini, kule unakoendesha kweli, sio mpaka ifike elfu kumi na mbili. Na mjue hata Ulaya kuanzia 2025 Yamaha hawauzi tena R1 ya kutembelea barabarani, wanaiuza ya kwenye mashindano tu, sababu yao ni sheria za moshi ila mi naona hata kwa matumizi ndo imefika ilipokuwa inaelekea.

Kitu kingine, ndogo usiichukulie poa. Inafika 160 na zaidi, na ng'ombe wa Misungwi haangalii cc. Tafuta yenye ABS, breki zinazozuia tairi lisigande ukibana ghafla. Ile chenji unayobakiwa nayo usiimalize kwenye ekzosi ya kelele, nunua helmeti ya maana inayofunika uso mzima, glavu, jaketi lenye vikinga kwenye viwiko, na tairi mbili mpya kwasababu za mtumba zinakuja na matairi yaliyokauka miaka hata kama meno yapo. Soma namba nne pembeni ya tairi, mbili za mwisho ndo mwaka. Ukifika kuikagua, hakikisha injini imepoa wewe mwenyewe uiwashe, gusa kava la injini kwa mkono, ukilikuta la moto muuzaji keshaiwasha kabla hujaja, muulize kwanini.

Dogo wa Igoma nimemwambia Jumamosi aje asubuhi tufike Kisesa na kurudi kabla magari hayajawa mengi, aendeshe yangu, alafu kuna jamaa ana cc 1000 amekubali amkalishe tu aisukume kuitoa na kuirudisha kwenye geti lake lenye mteremko.